Ndege 352 za Erich Hartmann

Wengi husoma kwamba rubani Mjerumani Erich Hartmann aliangusha ndege 352 katika Vita vya Pili vya Dunia, ilhali Mmarekani aliyeangusha nyingi kuliko wenzake, Richard Bong, aliishia 40, kisha wakahitimisha kuwa wa kwanza alimzidi wa pili kwa ustadi karibu mara tisa. Hesabu hiyo inapotosha. Bong aliondolewa vitani mapema mwaka 1945 akarudishwa kwao, lakini rubani wa Kijerumani aliruka mpaka afe, alemazwe au vita viishe. Hartmann aliruka misheni takriban 1,400 tangu mwishoni mwa 1942, nyingi zikiwa upande wa mashariki, ambako ndege za Kisovieti zilikuwa tele. Tena 352 ni madai yaliyokubaliwa na jeshi lake mwenyewe, na wapo wanahistoria wanaoyatilia shaka.

Umahiri alikuwa nao. Hakupenda kuzungushana na adui angani: alivizia, akasogea hadi ndege ya mbele ijaze kioo chake, ndipo akafyatua na kutoweka. Ukaribu huo ulimgharimu, kwani vipande vya ndege alizolipua vilimlazimisha kutua kwa dharura mara kadhaa.

Wala hakustarehe baada ya vita. Wamarekani aliojisalimisha kwao Mei 1945 walimkabidhi kwa Wasovieti, waliomshikilia hadi 1955. Baadaye alijiunga na jeshi jipya la anga la Ujerumani Magharibi, akapinga ununuzi wa ndege za Starfighter (na hakukosea, maana ziliua zaidi ya marubani 100 wa nchi hiyo), akastaafu mwaka 1970.