Papa na taa wa miamba ya matumbawe: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mganda anayekwenda kupumzika Mombasa au Diani, akaona samaki wa kila rangi wakipishana juu ya matumbawe, hurudi nyumbani akiamini kwamba bahari ile ni nzima. Sivyo. Utafiti uliotumia kamera zenye chambo kwenye miamba 371 duniani, na kuchapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba katika karibu mwamba mmoja kati ya kila mitano hakuonekana papa hata mmoja, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi na maeneo sita ambako papa walikuwa karibu hawapo kabisa. Samaki wadogo wanaweza kubaki wengi na wa kupendeza hali papa wamekwisha kuvuliwa.

Wengine husema kwamba papa wataongezeka wenyewe. Mvuvi wa Ziwa Viktoria anamjua sangara: jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni, na hata hivyo uvuvi haramu ulitishia akiba yake mpaka jeshi likapelekwa ziwani mwaka 2017. Papa wa kijivu wa miambani hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, akazaa watoto wasiozidi sita, nao huhitaji miaka mingi kabla ya kuzaa. Taa, samaki bapa aliye ndugu wa papa, naye ni vivyo hivyo: yule mkubwa aitwaye manta kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, kisha hupita miaka miwili au zaidi kabla hajazaa tena. Ndiyo maana tathmini ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa asilimia 59 ya aina za papa na taa wa miambani zimo hatarini kutoweka, jambo ambalo kwangu linaogofya kuliko meno ya papa yeyote.

Kuhusu meno hayo, papa wasiochokozwa huua kwa wastani watu wasiofika 10 kwa mwaka duniani kote, ilhali uvuvi uliua papa wapatao milioni 80 mwaka 2019.

Lawama zote hutupiwa biashara ya mapezi, lakini nyama nayo ina soko, na jarife halichagui linachonasa. Wala si kweli kwamba muda umekwisha: Bahamas ilipiga marufuku kamba ndefu za ndoano nyingi katika miaka ya 1990, ikakataza uvuvi wa kibiashara wa papa mwaka 2011, na miamba yake ni kati ya ile iliyobaki na papa wengi.

Wapo wanaosema kwamba haya hayatuhusu kwa kuwa hatuna pwani. Uganda ni mwanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, tangu mwaka 1991, na humo kura ya nchi isiyo na bahari ina uzito uleule wa kura ya nchi ya visiwa. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliiweka jamii nzima ya papa anamoingia yule wa kijivu wa miambani chini ya mkataba huo, kwa hiyo shehena ya nyama au mapezi yao ikivuka mpaka bila kibali, maofisa wetu wana wajibu wa kuizuia.