Si Bob Anayepiga Hapo: Dhana Potofu Kuhusu Solo Tunazozipenda

Jumapili moja jioni nilikuwa kwenye matatu ya Buruburu kuelekea mjini. Kondakta alipandisha sauti «No Woman, No Cry» ilipofika pale gitaa linapochukua nafasi ya maneno. Akafumba macho. «Skia Bob anavyolia na gitaa,» akasema. Nikamwambia huyo si Bob. Nusura nishushwe Jogoo Road, na abiria wenzangu wangepiga makofi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya mambo ambayo watu wa Nairobi huyasema kwa uhakika mkubwa kuhusu solo za gitaa. Mengine niliyasema hata mimi kwa miaka mingi.

«Solo ni ya mwenye wimbo»

Rekodi ya «No Woman, No Cry» tunayoijua sote ni ya jukwaani. Ilichukuliwa ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975. Bob Marley alikuwa na gitaa begani, ndiyo, lakini kazi yake ilikuwa ridhimu, ule mkato wa reggae. Solo ni ya Al Anderson, Mmarekani wa New Jersey. Nyuma kidogo, kwenye albamu ya «Catch a Fire» ya 1973, gitaa linalolia ndani ya «Concrete Jungle» lilipigwa na Wayne Perkins, mzungu wa Alabama. Aliitwa studio London kuongezea gitaa juu ya kanda zilizokuwa zimetoka Jamaika, na reggae yenyewe ilikuwa ngeni kabisa masikioni mwake. Hilo sikumwambia kondakta. Nilitaka kufika mjini.

Mambo ni hayo hayo kwingine. Solo ya «Beat It» ya Michael Jackson ni ya Eddie Van Halen, na hakudai hata senti. Ile ya «While My Guitar Gently Weeps» ya Beatles, mwaka 1968, wengi humpa George Harrison kwa kuwa wimbo ni wake, kumbe aliyepiga ni rafiki yake Eric Clapton, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye jalada. Mwaka 2004, Harrison akiwa amekwisha kufariki, wimbo huohuo ulipigwa New York kwa kumuenzi, na Prince akaufunga kwa solo ndefu kisha akarusha gitaa juu. Kwenye video halionekani likirudi. Nimewahi kusikia mtu mzima, baba wa watoto watatu, akishikilia kuwa pale pana uchawi. Gitaa lilidakwa na mtu wa Prince aliyekuwa chini ya jukwaa.

«Solo nzuri huja yenyewe, mpigaji hajipangi»

Hii inapendwa sana na wale wasiotaka kufanya mazoezi.

«Hotel California» ya bendi ya Eagles haikosi kwenye baa za Nairobi zenye bendi ya Ijumaa, na magitaa mawili ya mwishoni, la Don Felder na la Joe Walsh, yanasikika kama watu wawili wanaopokezana hadithi bila kujua itaishia wapi. Ukweli ni kwamba Felder alikuwa ameyatunga nyumbani kwake na kuyarekodi kwenye kaseti. Walipofika studio Miami, yeye na Walsh wakaanza kubuni upya. Don Henley, mpiga ngoma na mwimbaji wa bendi, akawasimamisha: anataka kama ilivyo kwenye kaseti. Kaseti iko California. Felder akampigia simu mfanyakazi wa nyumbani aitafute, aiweke kwenye redio, ashike simu karibu na spika. Basi akajifunza solo yake mwenyewe kwa simu.

Si kwamba kubuni papo hapo hakupo. Jimi Hendrix alipoupiga wimbo wa taifa wa Marekani pale kwenye tamasha la Woodstock, gitaa likitoa milio ya mabomu na ving'ora, hakuna aliyemwandikia nota. Ila na hapo pana chumvi: watu husema aliupiga mbele ya nusu milioni. Alipanda jukwaani Jumatatu asubuhi, tarehe 18 Agosti 1969, tamasha likiwa limepitiliza muda wake, na wengi walishafunga virago. Tena hakuziacha nyuzi juu chini kama wanavyodai vijana. Aligeuza gitaa la mkono wa kulia, halafu akafunga nyuzi upya zimfae wa kushoto. Aliyepiga nyuzi zikiwa kinyumenyume ni Albert King, mpiga blues.

«Kwenye bendi, mpiga solo ndiye gitaa; wengine wanamsindikiza»

Hapa ndipo napenda kukaa.

Chukua «Sina Makosa» ya Les Wanyika. Bendi hiyo ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, baada ya baadhi ya wanamuziki kujitoa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga. Kila mpenda zilizopendwa anaijua solo ya John Ngereza. Ukiuimba wimbo huo bafuni, lakini, hebu jichunguze mdomo wako unatoa nini. Mimi hujikuta nikiliimba besi la Tommy Malanga, lile linalotembea kwa kishindo na kunyamaza kwa kishindo, au ridhimu ya Omar Shabani. Ridhimu hiyo haigongi nyuzi kadhaa kwa pamoja na kusubiri. Inasuka, noti moja moja, mzunguko uleule, na solo inapita katikati yake kama mtu anayepita sokoni bila kumgusa yeyote. Iondoe, na solo ya Ngereza itabaki inaelea.

Mzee mmoja anayetengeneza magitaa katikati ya jiji aliwahi kuniwekea wimbo huo kibandani mwake, akafunika spika moja kwa kiganja.

«Kijana wangu, sasa umesikia nini?»

«Solo imepungua nguvu, Mzee.»

«Solo sijaigusa. Nimekunyima ridhimu.»

Wakongo waliojaza kumbi za Nairobi miaka ya 1970 na 1980 walilijua hilo vizuri mno, hata wakaongeza gitaa la tatu, mi-solo, kati ya solo na ridhimu. Baadhi ya wapiga mi-solo huondoa uzi wa nne mnene na kufunga mwembamba unaolia oktava moja juu, ili sauti isigongane na ya jirani. Kwa hiyo sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala, inapowaka na ukumbi mzima ukainuka, unachokiita «solo» mara nyingi ni magitaa matatu yanayojibizana, na sikio limeshindwa kuyatenganisha.

«Benga ni kasi tu ya vidole»

Kasi ipo, sikatai. Lakini gitaa la benga, muziki uliotoka kwa Wajaluo, lilijifunza kusema kutoka kwa nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo ubao wa ala, hivyo mtu mmoja anakuwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma. Sikiliza Shirati Jazz ya D.O. Misiani (ambaye, kwa wanaobisha, alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania) uone gitaa linavyomfuata mwimbaji neno kwa neno, na anaponyamaza likaendelea na mazungumzo yaleyale.

Kuna tatizo jingine la kale. Santuri ndogo zilikatiza wimbo katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Maneno mengi yalikuwa upande wa kwanza, na magitaa yalifunguliwa minyororo upande wa pili. Anayejua upande mmoja tu amesikia salamu, hajasikia habari.

«Gitaa kavu ni la kujifunzia»

Sikiliza «Masanga» ya Jean-Bosco Mwenda, iliyorekodiwa Katanga mwaka 1952. Utaapa ni watu wawili. Ni mmoja, kidole gumba kikitembeza besi na cha shahada kikiimba juu yake. Au msikilize George Mukabi, aliyetoka magharibi mwa Kenya: gitaa moja, chupa ya soda inayogongwa, basi. Wapiga solo wengi wenye pedali kumi miguuni hawajaufikia mkono huo.

«Gitaa ni kazi ya wanaume»

Mei 1964, kwenye stesheni ya reli iliyoachwa, Manchester, mvua ikiwa imetoka kunyesha, Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili wa Marekani, alivaa koti lake, akaninginiza gitaa jeupe la umeme, akaanza wimbo wa injili unaohusu mvua. Watazamaji walikaa ng'ambo ya pili ya reli. Video ipo. Solo yake ni fupi, ina makali, na anaipiga huku akitabasamu kama mama anayejua chakula kimeiva.

Alikuwa mtu wa kanisa, na hapa Nairobi vilevile wapigaji wengi wanaokuja juu hawatoki baa bali kwaya, kwenye kanisa la mabati lenye ampu moja ya kuazima. Nilihudhuria ibada moja Eastlands mwaka jana, kiongozi wa sifa akiruka jukwaani kwa jasho. Nyuma ya spika, nusu amefichwa na pazia, msichana wa umri wa kidato cha tatu alikuwa akipiga sebene safi, macho chini. Vijana waliokuwa karibu yangu walikuwa wakimsifu mpiga kinanda. Kamera ya kanisa ilimkazia kiongozi wa sifa mpaka mwisho.