Pakiti Inayozunguka Ulaya Kwenda Mtaa wa Pili

Nikiulizwa kama intaneti imetimiza tulichoahidiwa, mimi fundi wa mitandao naangalia kwanza pakiti, vile vipande vidogo vya data, zinapita wapi. Ahadi iliyonivuta kwenye kazi hii ilikuwa moja: mtandao usio na kitovu, data inajitafutia njia, ukiizibia huku inapita kule. Mhandisi Paul Baran alilichora wazo hilo Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwenye karatasi ni tamu kwelikweli.

Sisi huku Dar tulianza na dishi. Setilaiti tulizotumia zilikaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kwa hiyo data kupanda na kushuka mara moja tu ilikuwa karibu robo sekunde. Enzi hizo, ukimtumia barua pepe jirani wa mtaa wa pili aliyejiunga na kampuni nyingine, barua inapanda angani, inatua Ulaya au Marekani, inapanda tena, ndipo imshukie. Na safari yote hiyo inalipiwa kwa dola.

Dawa yake haikuhitaji profesa. Chumba kimoja, swichi moja ya kuunganisha mitandao, kila kampuni ivute waya wake mpaka hapo, data ya nyumbani ibadilishwe nyumbani. Wakenya walifanya hivyo Nairobi Novemba 2000, wakakiita KIXP. Hakikumaliza mwezi. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na mdhibiti akakifunga kwa kukosa leseni. Data ya Nairobi kwenda Nairobi, eti ya kimataifa! Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya vikao, barua na mihuri. Ndiyo maana siku hizi simwambii mwanafunzi wangu kwamba data inajitafutia njia. Inatafutiwa.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika 2009, na EASSy mwaka uliofuata, mambo yalibadilika kabisa, sibishi. Tukasahau dishi.

Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo yote miwili ikakatika, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Simu yangu ikaita.

"Fundi, tovuti ya shule imekufa."

"Haijafa, Mwalimu. Iko Ujerumani, inapumua vizuri tu."

"Mbona mwanangu hapa anaangalia mpira kwenye simu?"

Swali zuri kuliko alivyojua. Makampuni makubwa ya video huweka seva zenye nakala ndani ya vyumba vya watoa huduma hapahapa, hivyo video inayotazamwa sana ilikuwa inasuasua lakini inafika. Tovuti ya shule, ambayo wasomaji wake ni wazazi wa Temeke, ilikuwa upande wa pili wa bahari. Kwa nini? Kwa sababu kupangisha seva Ulaya ni rahisi kuliko Dar. Aliyeipangisha kule? Mimi, huyuhuyu anayewapigia kelele.

Wiki iliyofuata niliihamisha. Muda wa data kwenda na kurudi, milisekunde 170, ukawa 6. Bei ya mwaka nayo ikapanda, na mwalimu mkuu mpaka leo akiniona ananikumbusha ankara.