Je, wajua kwa nini kuongeza namba ya kiatu cha baiskeli hakuondoi ganzi ya vidole?

Ukitoka Tanga mjini alfajiri ukashika barabara ya Muheza, na mguuni umevaa vile viatu vigumu vinavyonasa kwenye pedeli, kuna jambo linaweza kukupata kabla hujaiacha Pongwe mbali. Vidole vya katikati vinaanza kuwaka, kama umekanyaga mchanga wa saa saba mchana. Baadaye vinapotea kabisa. Unashuka, unavua kiatu, unavichezesha vidole, na baada ya dakika chache vimerudi. Ukipanda tena, ganzi nayo inapanda.

Yaliponikuta haya nilipiga hesabu ambayo karibu kila mtu huipiga: kiatu kinabana, kwa hiyo ni kidogo. Nilikuwa navaa namba 42, nikatafuta 43. Muuzaji alinibonyeza mbele ya kidole gumba, akaona nafasi imetosha, akaniambia, "Hapo sasa, kaka, umekaa vizuri." Nami niliamini hivyo. Safari iliyofuata ganzi ilikuja mapema kuliko zamani.

Kosa langu lilianzia kwenye namba yenyewe. Nilidhani 42 ni kipimo cha mguu wangu, kumbe ni kipimo cha kalibu, yaani lile umbo la mguu ambalo kiatu huviringishiwa kikishonwa. Na hata kwenye kalibu, namba inahesabu urefu peke yake. Katika mfumo wa Ulaya bara, ambao ndio umeandikwa kwenye viatu vingi vya baiskeli, kila namba ni theluthi mbili za sentimita, kama milimita 6.67. Kwa hiyo 42 ni kalibu ya takriban milimita 280. Waingereza wana mfumo wao, ambamo namba moja ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Asili ya kipimo hicho ni urefu wa punje moja ya shayiri. Sisi tulipima vitambaa kwa shubiri na dhiraa, yaani kwa mkono wa mtu. Wao walipima viatu kwa nafaka, na nafaka hiyo bado imo ndani ya kila kiatu chenye namba ya Kiingereza.

Upana haumo katika hesabu hizi. Ni kweli kwamba mtengenezaji anapopanda namba moja hutanua na kiatu, ila hutanua kidogo sana kuliko anavyorefusha. Mtu aliyekosa nafasi ya ubavuni akiongeza namba, anapewa urefu ambao hakuuhitaji na upana usiomtosha. Kampuni chache, Shimano na Lake zikiwemo, hutengeneza baadhi ya viatu vyao kwa upana zaidi ya mmoja katika namba ileile. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu tatizo lenyewe ni la upana.

Ili kuelewa ganzi inatoka wapi, weka kiganja chako mezani bila kukikandamiza. Sasa simama, egemeza uzito wa mwili juu yake, utazame kinavyotanuka: vidole vinaachana na nyama ya pembeni inasogea nje. Wayo hufanya vivyo hivyo. Ndani ya sehemu yake ya mbele mna mifupa mirefu mitano iliyolala sambamba kama fito za ukuta kabla hazijakandikwa udongo. Ukiikanyagia, fito hizo zinataka kuachana. Katikati ya fito na fito umepita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole, mwembamba kama uzi wa nailoni wa mvuvi. Fito zikipata nafasi ya kuachana, uzi unapita salama. Fito zikizuiwa kutoka nje huku uzito unaendelea kushuka, zinabanana, na uzi uko katikati yao.

Kwenye kiatu cha kawaida bado kuna msamaha. Soli inapinda, mguu unanyanyuka ardhini, uzito unahama kutoka kisigino kwenda vidoleni na kurudi, na kila hatua mshipa unapumua. Kiatu cha baiskeli kimeundwa kuuondoa msamaha huo. Soli yake ni ya nailoni ngumu au nyuzi za kaboni ili nguvu ya paja isipotee katika kupinda. Chini yake kumefungwa kliti, kipande cha plastiki au chuma kinachonasa kwenye pedeli. Mtindo huu ulitoka kwenye utelezi wa theluji: kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vishikizo vya viatu vya kuteleza, iliuleta kwenye baiskeli, na mwaka 1985 Mfaransa Bernard Hinault akashinda mbio za Tour de France akiwa na pedeli hizo. Kwa mtindo huu mguu wa mwendesha baiskeli hukaa mahali pamoja. Ukizungusha mara 80 kwa dakika, kila mguu unakandamiza mara 4,800 kwa saa, kila mara pale pale.

Linganisha na yule anayekupita barabarani kwa kandambili na tenga la samaki nyuma. Sijamsikia hata mmoja akilalamikia ganzi hii. Mguu wake unatanuka upendavyo hadi kuning'inia nje ya kandambili, na kila baada ya muda anausogeza mbele au nyuma kwenye pedeli bila hata kufikiri.

Sasa, kwa nini namba kubwa zaidi iliniletea ganzi ya mapema? Kiatu hakina upana mmoja kutoka nyuma hadi mbele. Kina kiuno katikati, kisha kinatanuka pale panapotarajiwa viungio vya vidole, kisha kinachongoka. Fikiria dau: kifua chake kipo mahali maalumu, na mzigo mpana hukaa hapo. Kiatu kikirefushwa, kifua chake nacho kinasogea mbele, mbali na kisigino. Mguu wangu haukurefuka. Kisigino kilipokaa mahali pake, viungio vyangu vya vidole, ambavyo ndivyo upana wa mguu, viliangukia nyuma ya kifua cha kiatu, pale kinapoanza kurudi kuwa chembamba. Nilikuwa nimeuhamishia mguu mpana kwenye kiuno.

Juu ya hilo, kiatu kirefu kinacheza kisiginoni. Ili kisicheze nilivuta mikanda zaidi, na mikanda ikaubana mguu kutoka juu. Na matundu ya kufungia kliti nayo yalikuwa yamesogea mbele pamoja na soli, hivyo uzito ukaangukia karibu zaidi na vidole. Mambo matatu kwa namba moja.

Aliyenifungua macho ni fundi viatu mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, mzee ambaye hajawahi kuuza kiatu cha baiskeli. Alikipokea, akakipindua, akakijaribu kukikunja kikakataa. Akanitaka nitoe soli ya ndani, ile laini inayochomoka, niiweke sakafuni nisimame juu yake. Nyama ya mguu ilimwagika nje pande zote mbili, zaidi upande wa kidole kidogo, huku mbele pakibaki wazi. "Mwanangu," akasema, "urefu unao wa kugawa. Hapa pembeni ndipo unapolia." Nilimuuliza kama anaweza kukitanua kwenye kalibu kama anavyotanua viatu vya ngozi. Akanijibu kwamba ngozi husikia maji na moto, hii plastiki haisikii chochote.

Jaribio hilo la soli ya ndani ndilo ningelifanya kwanza, hasa kwenye meza za mitumba, ambako viatu vingi vya baiskeli mjini hutokea na ambako hakuna jedwali la vipimo wala namba ya pili ya kujaribu. Simama kwa miguu yote miwili, uzito umegawanyika sawa. Mguu ukimwagika nje ya soli pembeni, kiatu hicho kitakubana hata kama vidole vinacheza mbele. Kiache, hata kama bei ni nzuri.

Kwa anayeagiza kwa mtandao, karatasi na penseli vinatosha. Kisigino kiguse ukuta, simama wima juu ya karatasi, na penseli iwe wima isilale chini ya mguu. Chukua urefu hadi kidole kinachotangulia, ambacho kwa baadhi ya watu si gumba bali cha pili, kisha upana kutoka kiungio cha gumba hadi kiungio cha kidole kidogo. Pima miguu yote miwili na ufuate mkubwa. Fanya hivyo jioni, kwa sababu kwa joto letu mguu wa jioni si ule wa alfajiri, na mguu wa baada ya saa mbili za kuendesha unafanana zaidi na wa jioni. Peleka milimita kwenye jedwali la mtengenezaji husika, maana 42 ya mmoja si 42 ya mwingine.

Ile kanuni ya kuacha upana wa dole gumba mbele imetoka kwenye viatu vya kutembelea. Mguu unaotembea hukunjika na kusukumwa mbele kila hatua, hivyo unahitaji uwanja. Ndani ya soli isiyopinda hausafiri hivyo, na nafasi ndogo zaidi inatosha, mradi vidole visiguse. Kisigino kwa upande wake kikae kimya ukijaribu kukinyanyua. Mwisho wa jaribio ni katikati ya mguu: kiatu kishike kama mkono unaosalimia, pasiwe na mahali pamoja panapochoma.

Kuhusu ugumu wa soli, utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba viatu vya soli ya kaboni viliongeza kilele cha mgandamizo chini ya wayo kwa takriban asilimia 18 kuliko vya plastiki. Utafiti mmoja hautoshi kuwa sheria, na mtu mwenye kiatu kinachomkaa sawa anaweza kuendesha na soli ya kaboni siku nzima bila shida. Lakini kwa mguu ambao tayari umebanwa, sioni sababu ya kulipia soli ngumu zaidi. Pia miguu iliyokulia peku huelekea kuwa mipana mbele. Vipimo vya watu wasiovaa viatu kusini mwa India vimeonyesha hivyo. Wengi wetu tulicheza mpira peku mpaka tukiwa wakubwa, wakati kalibu nyingi za viatu vya mashindano ni nyembamba. Kwamba hayo mawili yanahusiana na ganzi zetu ni dhana yangu, ingawa naishikilia.

Si kila ganzi ni ya kiatu. Inayobaki hata ukiwa peku nyumbani, au inayopanda miguu yote miwili usiku, ipelekwe hospitali, kwani kisukari nacho kinaweza kujionyesha hivyo. Ya kiatu kwa kawaida huondoka kiatu kinapovuliwa.

Zile 43 bado ninazo. Nimerudisha kliti nyuma hadi mwisho wa matundu yake, ili uzito utoke vidoleni, na mkanda wa mbele kabisa nauacha ukiwa umelegea kiasi cha kupitisha kidole. Kwa safari fupi, hadi Amboni na kurudi, zinanifikisha bila ganzi. Kwa Muheza navaa 42 ya upana mkubwa.