Picha ya Ubongo Baada ya Upasuaji wa Damu Iliyovia: Inahitajika Lini?

Mzee anapofanyiwa upasuaji wa kuondoa damu iliyovia taratibu kati ya ubongo na utando wake mgumu wa nje, ndugu waliomleta kutoka Makete, Ileje au Rungwe huuliza kabla ya kurudi nyumbani: mbona hapigwi CT-Scan nyingine ili tuhakikishe damu imekwisha? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili.

Damu ya aina hii hutoka kwenye vena ndogo, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zinazovuka kutoka juu ya ubongo kwenda kwenye utando huo. Uzeeni ubongo hupungua na vena hizo huvutika, kwa hiyo kuteleza kwenye kijia chenye matope na kujigonga kidogo tu kunaweza kuzichana, na dalili zikajitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati wengi wameshasahau kwamba mzee aliwahi kuanguka. Daktari hutoboa tundu moja au mawili kwenye fuvu, huitoa damu hiyo, ambayo kwa kawaida imeshakuwa majimaji meusi, na mara nyingi huacha mpira mwembamba kwa siku moja au mbili ili mabaki yaendelee kutoka.

Ubongo uliokandamizwa kwa wiki nyingi haurudi mahali pake kwa siku moja. Ndiyo maana picha inayopigwa siku chache baada ya upasuaji huonyesha mara nyingi majimaji yaliyobaki, na pengine hewa, hata kwa mgonjwa anayekula, anayetembea na kuwatambua wajukuu wake bila shida. Picha kama hiyo huwatia ndugu hofu, na inaweza kumshawishi daktari kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji pasipo lazima.

Utafiti uliofanyika Bern, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2019 ulilipima jambo hili kwa wagonjwa 361. Kundi moja lilipigwa CT-Scan kwa ratiba, na kundi la pili lilipigwa pale tu dalili zilipojitokeza. Katika miezi sita, waliorudiwa upasuaji walikuwa 59 katika kundi la ratiba na 39 katika kundi la pili, ilhali hali za wagonjwa, yaani uwezo wao wa kujitegemea, hazikutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa maoni yangu matokeo hayo yanatosha kumwondolea mgonjwa asiye na dalili gharama ya kipimo na mionzi yake, isipokuwa daktari wake awe ameona sababu mahususi ya kukiagiza.

Hata hivyo, wagonjwa wa Uswisi waliokosa picha hawakukosa uangalizi. Walichunguzwa na madaktari kwa tarehe zilizopangwa. Kwetu, ambako kutoka kijijini hadi hospitali yenye CT-Scan kunaweza kuchukua siku nzima, sehemu kubwa ya uangalizi huo inabaki mikononi mwa familia, nami nawasihi muichukulie kwa uzito. Tarehe ya kliniki isirukwe kwa sababu mzee anaonekana mzima, kwani damu ikirudi, aghalabu hurudi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo.

Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, maneno kukwama, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, kuyumba anapotembea, degedege: lolote kati ya haya ni sababu ya kumrudisha hospitali siku hiyohiyo, na hapo ndipo CT-Scan inapohitajika bila kuchelewa. Kidonda kikitoa usaha au mgonjwa akipata homa, arudishwe pia. Aliyekuwa akitumia warfarini au aspirini, dawa zinazopunguza kuganda kwa damu, asianze tena wala asiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari ndiye atakayepanga siku. Mnapomrudisha, chukueni barua ya kuruhusiwa na picha aliyopigwa kabla ya upasuaji, kwa maana bila ya kuilinganisha na ile ya zamani, picha mpya haimwonyeshi daktari kama majimaji yanaongezeka au yanapungua.