Kordi nne, na bado wimbo haujawa wimbo

Karibu kila anayejifunza gitaa ukubwani ana wimbo mmoja uliomsukuma. Wangu ni "Ain't No Sunshine" wa Bill Withers, uliotoka mwaka 1971. Niliusikia nikiwa mdogo kwenye redio ya usiku, maneno siyaelewi, lakini huzuni yake niliielewa. Nilipopata gitaa, nikaegemeza simu ukutani, nikatafuta masomo ya mtandaoni na kuanza. Tangu hapo nimekutana na wanafunzi wengi wa aina yangu, na tunabeba imani zilezile. Baadhi hazina madhara. Nyingine zinawafanya watu watundike gitaa ukutani baada ya miezi miwili, na hizo zinaniuma.

"Umri umenipita. Gitaa linashikwa utotoni."

Tuanze na mwenye wimbo. Withers alizaliwa mwaka 1938 huko Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe, West Virginia. Alikua akiwa na kigugumizi. Alitumikia jeshi la wanamaji la Marekani miaka tisa, kisha akafanya kazi viwandani. Gitaa alilinunua akiwa mtu mzima, la bei nafuu, kwenye duka la vitu vya rehani, akajifundisha mwenyewe baada ya kazi. Wakati anarekodi albamu yake ya kwanza, Just As I Am, alikuwa bado anatengeneza vyoo vya ndege za Boeing 747. Kwenye jalada la albamu hiyo amesimama kiwandani, mkononi ameshika sanduku la chakula cha mchana. Wimbo ulipotoka alikuwa ameshavuka miaka 30, na mwaka 1972 ulipata tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa R&B.

Mtoto anayefundishwa mapema hupata wepesi wa vidole ambao mtu mzima anautafuta kwa jasho, hilo ni kweli. Lakini kupiga wimbo mmoja unaoupenda, ukausikia ni wenyewe, hakuna umri unaoukataza.

"Vidole vyangu ni vifupi, tena vinene."

Django Reinhardt aliungua kwenye moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaharibika, naye akaendelea kupiga solo kwa viwili vilivyobaki hadi akawa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa Ulaya. Huku kwetu, Mwenda Jean Bosco wa Katanga alidonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada tu, na "Masanga" aliyorekodi mwaka 1952 inawatoa jasho wenye vidole vitano hadi leo.

Mara nyingi anayelaumu vidole anapaswa kulaumu gitaa. Gitaa nyingi za bei ya chini zinauzwa nyuzi zikiwa zimenyanyuka mno juu ya shingo, kiasi kwamba hata mzoefu angeumia. Mpelekee fundi azishushe. Ncha za vidole zitauma wiki za kwanza mpaka ziote sugu, na hilo ni la kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono si ya kawaida: weka gitaa chini, pumzika, angalia unavyokaa na unavyoshika.

"Kordi nne tu. Huu ni wimbo wa wikiendi moja."

Hapa ndipo nilipopotea muda mrefu kuliko pote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kordi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, kweli ni chache: Am, Em, G na Dm, ukipenda uziongezee nota ya saba ziwe laini zaidi. Hakuna hata moja inayokulazimisha kulaza kidole juu ya nyuzi zote sita kama ile F inayowatesa wanaoanza. Kwa hiyo masomo mengi yanauweka wimbo huu kwenye kundi la rahisi, na mwanafunzi akishajua kordi anaamini amemaliza.

Ukiusikiliza vizuri utaona kazi iko wapi. Wimbo hauna utangulizi wa ala. Sauti inaingia mara moja, gitaa likiwa nayo, kama mtu aliyeanza kuzungumza kabla hajakaa. Kila sentensi inapoisha, gitaa linajibu kwa kamstari kafupi: Em, G, kisha linarudi Am. Jibu hilo ndilo wimbo wenyewe. Ukilichelewesha kidogo linakuwa zito, ukiliwahisha linakuwa kama mtu anayemkata mwenzake kauli. Vidole vinapaswa kuhama mara mbili ndani ya mapigo machache, na mkono wa kulia usionyeshe haraka yoyote.

Kilichonisaidia ni kutafuta kidole kisichohama. Uzi wa nne, freti ya pili (nafasi ya pili kati ya vyuma vya shingo), umo kwenye Am na umo kwenye Em. Uzi wa tano, freti ya pili, umo kwenye Em na umo kwenye G. Ukipanga vidole vyako hivyo, kila unapobadili kuna mahali pamoja pa kushikilia, na mkono unaacha kuruka hewani kama unatafuta swichi gizani. Nilifanya zoezi hilo pekee, Am, Em, G, Am, bila kuimba, jioni kumi mfululizo. Nyumbani walichoka, nami nawashukuru kwa uvumilivu wao.

Nilipoona nimeiva nilimpigia wimbo huo kaka yangu, ambaye ni mpiga besi wa kwaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kordi zote umezipiga. Wimbo bado." Niliumia, lakini alikuwa sahihi. Nilikuwa nachapa nyuzi zote sita kila pigo, bila kuacha nafasi. Kwenye rekodi, mtayarishaji Booker T. Jones ameacha hewa nyingi: besi ina mahali pake, ngoma ina mahali pake, na fidla zinaingia baadaye. Mtu mwenye gitaa moja anashawishika kuziba nafasi zote hizo peke yake. Ziache. Piga uzi wa besi kwa kidole gumba, kisha nyuzi tatu nyembamba kwa upole, halafu nyamaza.

"Nimetazama video zote, sasa naujua."

Kutazama si kupiga. Nimeshatazama somo moja mara saba kitandani, nikalala nikiamini nimejifunza, na asubuhi mkono haukukumbuka chochote. Jicho linaelewa haraka sana na linatudanganya kwamba mkono nao umeelewa. Kanuni yangu sasa: dakika mbili za video, dakika kumi na tano za gitaa video ikiwa imefungwa. Bando nalo linadumu.

Wengine wanaona haya kupunguza kasi ya video. Usione haya kabisa. Wapiga gitaa wa zamani walikuwa wakiiweka santuri ya mzunguko wa 33 kwenye mzunguko wa 16 ili wasikie solo polepole, na sauti ilishuka oktava nzima, yaani hadi nota ileile ya chini zaidi, wakalazimika kuipandisha kichwani. Leo unabonyeza robo tatu au nusu ya kasi, na sauti inabaki kwenye ufunguo uleule, haishuki. Ni zawadi kubwa. Anza kwenye nusu, panda pale tu unapoweza kupiga mara tano mfululizo bila kukosea.

Dakika ishirini kila siku zinafanya kazi kuliko saa tatu za Jumapili.

"Mwalimu wa mtandaoni anapiga vilevile kama kwenye rekodi."

Wapo wanaopiga hivyo. Wengi wanakupa njia ya mkato, na hawasemi kila mara kwamba ni ya mkato. Mmoja anaweka kapo (kibanio cha shingoni kinachopandisha sauti ya nyuzi zote), mwingine anahamisha ufunguo ulingane na sauti yake, wa tatu anaruka yale majibu mafupi kwa sababu yanachosha kufundisha. Kordi zinazotolewa na programu za kompyuta nazo hukosea, hasa zinapochanganya besi na gitaa.

Kuna nyimbo ambazo tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Curtis Mayfield wa Chicago, aliyeandika "People Get Ready" ya mwaka 1965, alijifundisha gitaa kwa kulityuni, yaani kukaza nyuzi zake, lifuate vibonye vyeusi vya piano, yaani kwenye F-shapu. Aliendelea hivyo miaka yake yote. Kwa hiyo unapomwona mwalimu anafundisha wimbo wake kwenye tyuni ya kawaida, anakupa tafsiri. Inaweza kuwa tafsiri nzuri sana, lakini usijilaumu ikiwa mlio wako haufanani na wake. Hata nyuzi hazikuvutwa sawa.

Kwa hiyo rekodi ndiyo hakimu. Nikishamaliza somo, narudi kusikiliza wimbo wenyewe kwa spika za masikioni, gitaa likiwa mapajani, na kuuliza: hapa anapiga au amenyamaza? Swali hilo limenifundisha mambo ambayo hakuna video iliyonionyesha.

"Lazima ujue kusoma nota." Si lazima. Kujua kunasaidia. Endelea.

"Soul unazaliwa nayo, haifundishiki."

Hii naipinga kwa nguvu zote, kwa sababu inafuta kazi ya watu. Muziki wa soul, ambao ndio aina ya wimbo huu wa Withers, ulikuzwa makanisani mwa Wamarekani weusi, kwa miaka na miaka ya kuimba. Sam Cooke alikuwa mwimbaji wa kundi la injili, Soul Stirrers, kabla hajaingia muziki wa kidunia. Aretha Franklin aliimba tangu utotoni katika kanisa la baba yake, Detroit. Kilichoonekana kama kipaji kitupu kilikuwa na maelfu ya Jumapili nyuma yake. Nani asiyemjua kijana wa kwaya mtaani kwake ambaye hajawahi kusoma muziki, lakini anajua hasa lini ashushe sauti ili mama wa mbele alie? Alijifunza. Darasa lake lilikuwa benchi.

Somo la mtandaoni haliwezi kukupa benchi hilo, na hapa ndipo linapopungukiwa kweli. Linakuonyesha mahali pa vidole. Kusikiliza, kuimba huku ukipiga, na kupiga mbele ya mtu mwingine unavitafuta mwenyewe. Mimi nilipoanza kuimba juu ya gitaa, hata kwa sauti yangu ya kukwaruza, ndipo yale majibu mafupi yalipokaa sawa, kwa sababu hatimaye yalikuwa na kitu cha kujibu.

"Ile sehemu ya 'I know' ni ya kupumzika."

Katikati ya wimbo Withers anarudia maneno "I know" mara 26. Alikusudia kuandika mistari mingine pale, wanamuziki waliokuwa studio wakamwambia aache hivyohivyo. Masomo mengi yanairuka sehemu hiyo kwa sababu mkono wa kushoto hauna la kufanya: gitaa linanyamaza, sauti na ngoma vinaendelea.

Kwa mtu aliye peke yake na gitaa, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Hakuna mpiga ngoma wa kukubeba. Ukikimbia hata kidogo, unarudi kwenye Am ukiwa mahali pasipo pako. Ninaweka kiganja juu ya nyuzi ili zisilie, ninapiga kisigino sakafuni, na ninahesabu moyoni huku mdomo unaimba. Wiki iliyopita nilifika hadi mwisho wa zile 26 bila kuharakisha, nikaingia Am pamoja na rekodi iliyokuwa ikicheza kwa sauti ya chini chumba cha pili. Nilipiga tena papo hapo kuhakikisha. Mara ya pili niliwahi kwa nusu pigo.