Ndege Akila, Mtoto Naye Ale? Dhana Potofu Kuhusu Watoto na Matunda Madogo

Forosadi, zambarau, kunazi na stroberi ni matunda ambayo mtoto wa miaka mitatu au minne huyapenda bila kubembelezwa, kwa kuwa ni matamu, yanaenea kiganjani mwake na mara nyingi huyachuma mwenyewe. Mafunzo anayopewa kuhusu matunda hayo, hata hivyo, hutokana zaidi na mazoea ya wakubwa kuliko ujuzi.

Dhana iliyoenea sana ni kwamba tunda linaloliwa na ndege au tumbili linamfaa binadamu pia. Ukweli ni kwamba miili haifanani. Ndege humeza pilipili kichaa asiwashwe, kwa sababu neva zake hazikihisi kile kinachotuunguza sisi, na aghalabu hutoa mbegu nzima kama alivyoimeza. Ndege hao hao ndio wanaosambaza lantana, kile kichaka chenye maua ya rangi mchanganyiko kinachopandwa kuwa uzio, ilhali vitunda vyake vya kijani havifai kabisa kuliwa na mtoto. Kwa maoni yangu, mwalimu wa chekechea angeanza na mfano huo wa pilipili, maana ukali wake hata mtoto mdogo anaujua, na hahitaji kutishwa ndipo aelewe.

Wengine hutegemea ladha na rangi. Husemwa kuwa sumu ni chungu, hivyo mtoto ataitema mwenyewe. Lakini mbegu za mbono kaburi zina ladha inayokaribia ya karanga, na ndiyo sababu watoto huzila kadhaa kabla ya kuanza kutapika na kuharisha. Rangi nayo haina kanuni. Stroberi nyekundu ni chakula, ilhali mbegu nyekundu za tipitipi zenye doa jeusi, ambazo wengine huziita turituri na kuzitunga shanga, zina abrini, sumu kali mno. Mbegu hiyo ikimezwa nzima kwa kawaida hupita tumboni bila kuvunjika, kwa kuwa ganda lake ni gumu. Ikitafunwa au ikiwa imetobolewa ili kupitishwa uzi, hatari huwa kubwa zaidi. Hata mmea mmoja huweza kubeba hali mbili: vitunda vibichi vya mnavu vina sumu, ingawa majani yake tunayapika na vitunda vyeusi vilivyoiva huliwa sehemu nyingi.

Ipo pia ile ya kwamba mbegu iliyomezwa itaota mti tumboni. Haioti, na wanaoisema wanajua hivyo; huisema ili mtoto aogope. Ubaya wake ni kwamba mtoto aliyetishwa huficha alichomeza, wakati ambapo usalama wake wote unategemea aseme mapema. Afadhali afundishwe kanuni moja fupi na irudiwe kila mara chini ya mti halisi: chuma, nionyeshe, tuoshe, kisha tule tukiwa tumeketi.

Hilo la kuketi si adabu tu. Watu wazima hudhani kuwa tunda dogo haliwezi kumdhuru mtoto mdogo, kumbe tunda la mviringo lenye ngozi laini ndilo linaloziba koo lake kwa urahisi. Zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne hadi mtoto atimize miaka 5, na kokwa za zambarau na kunazi ziondolewe. Aliyepaliwa akiwa anakohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Akishindwa kukohoa na kupumua, apigwe mapigo 5 ya nguvu mgongoni, kati ya mabega; lisipotoka, aliyezidi mwaka 1 akandamizwe tumbo juu ya kitovu mara 5, na aliye chini ya umri huo akandamizwe kifua, kamwe si tumbo. Mapigo na mikandamizo hiyo ipokezane huku msaada ukiitwa.

Dhana ya mwisho ndiyo inayopoteza muda mwingi zaidi, nayo ni kumpa maziwa, mafuta au maji ya chumvi mtoto aliyekula kitu chenye sumu. Maziwa si dawa ya sumu hizi, kumtapisha huweza kupeleka matapishi mapafuni, na chumvi nyingi yenyewe humdhuru mtoto. Tena asihesabiwe kuwa salama kwa sababu tu anacheza, kwa maana dalili za abrini huweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata siku kadhaa. Mabaki yatolewe mdomoni, mtoto apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya, na kitawi chenye majani na matunda ya mmea huo kibebwe pamoja naye, ili mhudumu autambue mmea badala ya kukisia kutokana na maelezo ya mtoto.